Kijiko cha Vanila

Katika vyakula vya furaha keki ya nyumbani ina daraja yake peke yake. Wali hushibisha, mchuzi huutilia wali ladha, na mkate huondoa njaa ya asubuhi; lakini keki haipikwi kwa sababu ya njaa. Hupikwa kwa sababu mtoto ametimiza mwaka, au mgeni amewasili kutoka safari ya mbali, au Idi imeandama, au binti wa jirani anaolewa. Hapana mtu awezaye kudai kuwa anaihitaji keki kama anavyohitaji maji. Ni chakula ambacho mtu humpikia mwenziwe si kwa kuwa hapana budi, bali kwa kuwa anapenda kumfurahisha.

Iliyo sahili kuliko zote ni keki ya vanila. Haina zabibu, haina lozi, haina kakao, wala si lazima ipambwe kwa sukari za rangi. Viungo vyake vikubwa ni saba: unga wa ngano, siagi, sukari, mayai, maziwa, unga wa kuumulia ambao madukani huitwa bekingi pauda, na vanila. Aghalabu ndiyo keki ya kwanza afundishwayo mwanafunzi wa upishi, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Watu hudhani kuwa kitu sahili ni kitu rahisi. Sivyo. Kitu sahili hakina mahali pa kuficha kosa. Keki ya zabibu ikikauka, zabibu huisitiri. Keki ya kakao ikiungua kidogo, weusi wake huifunika. Keki ya vanila husimama mbele ya mlaji kama shahidi asiyejua kusema uongo, na hueleza yote aliyoyatenda mpishi na yote aliyoyaacha.

Asili ya keki ya namna hii ni mizani. Waingereza wa karne ya 18 walikuwa na keki iliyoitwa kwa jina la ratli, kwa kuwa ilitaka ratli moja ya siagi, ratli moja ya sukari, ratli moja ya unga, na mayai kwa kadiri hiyo. Wafaransa nao wana keki yao iitwayo robo nne, maana kila kiungo ni robo ya mchanganyiko. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuihifadhi kanuni kama hiyo kichwani mpaka kufa kwake. Lakini kanuni nyepesi ilikuwa na kazi nzito. Katika kitabu cha mapishi alichokitoa Hannah Glasse mjini London mwaka 1747, kitabu alichokusudia kiwafae watumishi wa majumbani, mpishi wa keki ya ratli anaagizwa aupige mchanganyiko wake kwa muda wa saa nzima, kwa mkono au kwa mwiko mkubwa wa mti. Zama hizo hapakuwa na unga wa kuumulia. Hewa iliyoinua keki iliingizwa kwa nguvu za bega, na katika nyumba za wakwasi bega hilo halikuwa la mwenye karamu. Wageni waliisifu keki na mwenye nyumba. Aliyepiga saa nzima alikuwa jikoni akiosha vyombo.

Nafuu ilikuja karne iliyofuata. Mwaka 1843 Alfred Bird, mtengenezaji wa madawa mjini Birmingham, alichanganya unga wa kuumulia kwa ajili ya mkewe Elizabeth, ambaye mwili wake haukuchukuana na hamira. Mume alitaka mke apate mkate wa kula, na kutokana na shauku hiyo ndogo ya nyumbani mamilioni ya watu wasiomjua yule bibi wamepata keki nyepesi. Mambo mengi ya manufaa huanza hivi. Mtu hutafuta dawa ya taabu ya mmoja, akavumbua nafuu ya wengi.

Kwa nyumba ya wastani kipimo kinachofaa ni nusu ya ratli, yaani kama gramu 225, ya siagi, na vivyo hivyo ya sukari, na vivyo hivyo ya unga. Huongezwa mayai manne, vijiko viwili vya chai vya unga wa kuumulia, vijiko viwili vikubwa vya maziwa, chembe ya chumvi, na kijiko kimoja cha chai cha vanila. Siagi iwe laini lakini isiwe imeyeyuka. Hupigwa pamoja na sukari mpaka umanjano wake ufifie na kuelekea weupe, na hapa ndipo wapishi wenye haraka wanapoiharibu keki kabla haijaona moto. Chembe za sukari zina ncha. Zipitapo ndani ya siagi huchimba vijishimo visivyohesabika, na kila kijishimo hushika hewa. Unga wa kuumulia hauumbi mapovu mapya. Kazi yake ni kuyajaza na kuyakuza yale yaliyokwisha kuwapo. Asiyepiga siagi yake vema hawezi kuokolewa na unga wa kuumulia hata akiutia kikombe kizima. Atapata keki chungu, wala haitakuwa nyepesi.

Mayai hutiwa moja moja ili mchanganyiko usikatike. Unga hutiwa mwishoni, umekwisha chekechwa, nao hautaki kupigwa bali kuchanganywa taratibu kwa mwiko. Unga wa ngano ukipata maji na kusumbuliwa sana, hujenga mnato unaovutana kama mpira. Mnato huo ni sifa katika mkate wa hamira, lakini ni aibu katika keki. Hivyo mkono ule ule uliotakiwa kuwa na nguvu mwanzo hutakiwa kuwa na upole mwisho, na mpishi asiyejua kubadili mkono wake hushindwa katika mojawapo.

Kisha moto. Mwenye tanuri huliwasha mapema mpaka joto lifike digrii 180 za sentigredi, akaioka keki kwa muda wa dakika 45 hivi. Nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki hazina tanuri, lakini kukosa tanuri hakukuwanyima watu wake keki. Watu wa mwambao wamezoea kupika mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa moto wa chini na moto wa juu. Sufuria huwekwa juu ya jiko la makaa, hufunikwa kwa mfuniko mzito au bati, na makaa mengine hupangwa juu ya mfuniko. Ya juu huwa mengi na ya chini huwa machache, kwa sababu moto wa chini hupanda wenyewe, na wa juu hauna budi kulazimishwa kushuka. Wengine hutandaza mchanga katika sufuria kubwa, wakaupasha moto, wakaweka sufuria ndogo juu yake. Ndani ya giza la sufuria hewa hutanuka, wanga hunyonya maji na kuvimba, mayai hukakamaa, na kilichokuwa uji mzito huwa nyumba yenye vyumba elfu. Anayefunua kabla kuta za nyumba hiyo hazijashikana huona zikianguka mbele ya macho yake. Ngoja mpaka harufu itoke nje. Kisha choma kijiti kikavu katikati. Kikitoka safi, keki imeiva.

Bibi mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, alipika keki za namna hiyo kwa miaka mingi. Alizikata vipande, akaviuza mlangoni pake jioni, na fedha zake zilimnunulia mjukuu wake wa kike madaftari na sare ya shule. Mjukuu alikuwa hodari wa hesabu. Sukari ilipopanda bei, faida ya keki ilipungua hata ikakaribia kwisha. Yule binti alichukua daftari, akaandika bei ya kila kiungo, akatafuta cha kupunguza. Yai halikupunguzika, siagi haikupunguzika. Kalamu yake ilisimama kwenye chupa ndogo ya vanila.

"Bibi," alisema, "kijiko hiki hakiumui keki wala hakiikuzi. Tukikiacha nani atajua?"

"Atajua kila mwenye pua, mke mwenzangu," bibi alijibu akicheka. Kisha aliacha kucheka, akasema, "Yai ukilipunguza wewe mwenyewe utaiona keki imepungua. Vanila ukiiacha hutaona kitu. Atakayeona ni mnunuzi, naye hatakwambia. Atapita mlango huu aende wa pili."

Binti hakuridhika, na bibi hakumkataza kujaribu. Mayai manne hayakuwa kitu kidogo katika nyumba ile, lakini bibi aliyatoa. Keki ilipikwa bila ya vanila. Ilipanda vizuri, rangi yake ilikuwa ya kupendeza, na kijiti kilitoka safi. Ilipokatwa ilitoa shombo la mayai. Bibi alikula kipande kimoja polepole, akauliza, "Haya, tuiiteje hii?"

"Keki, bibi."

"Keki ya nini?"

Binti hakuwa na jibu. Keki ile haikuuzwa. Waliila wenyewe kwa chai siku mbili, na chupa ikarudi mahali pake. Hasara ya mayai manne ilikuwa ni ada ya somo, na somo lenyewe ni hili: ratli za unga na sukari huipa keki mwili, lakini jina lake hulipata katika kijiko kimoja. Binti aliigeuza chupa mkononi akauliza vanila inatoka wapi. Bibi alijibu kweli yake yote. Ilitoka dukani. Kwa miaka yote ile alikuwa akitumia kitu kilichomlisha, naye hakupata kuambiwa habari zake. Habari hizo zinastahili kujulikana katika kila jiko.

Vanila ni tunda la mmea utambaao juu ya miti, wa jamaa ya okidi. Kwao ni Meksiko na nchi za jirani yake, ambako Watotonaki waliujua tangu kale, na Waazteki waliutia katika kinywaji chao cha kakao. Wahispania walipouona waliita ganda lake ala ndogo, na jina hilo ndilo lililozaa neno vanila. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Lisiporutubishwa siku hiyo hunyauka na kuanguka. Ndani ya ua kuna utando mwembamba unaotenga sehemu ya kiume na ya kike. Nyuki wa misitu ya huko waliweza kuifanya kazi ya kuziunganisha. Mmea ulipopelekwa nchi nyingine nyuki hao hawakufuata, nao ukawa mzuri wa kutazama na tasa wa kuzaa. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea, Charles Morren, alifaulu kulirutubisha ua kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, lakini ujuzi wake haukuwafaa wakulima mashambani.

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kuna kisiwa kiitwacho Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Mimea ya vanila ililetwa huko karibu na mwaka 1820, ikatambaa miaka 20 bila ya faida. Huko Sainte-Suzanne alizaliwa mwaka 1829 mtoto mtumwa aliyeitwa Edmond. Mama yake alikufa katika kumzaa. Mtoto hakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa watumwa hawakuruhusiwa kuwa nalo. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda mimea, akawa akitembea naye bustanini akimwonyesha namna maua yanavyozaa. Mwaka 1841, Edmond akiwa na umri wa miaka 12, yule bwana aliona maganda mawili ya vanila katika mmea wake wa siku nyingi. Mtoto alisema kuwa ni kazi yake yeye. Bwana hakusadiki mpaka alipoonyeshwa. Edmond alilishika ua, akaunyanyua ule utando kwa kijiti chembamba, akabonyeza kwa kidole gumba ya kiume juu ya ya kike. Kazi nzima ilitaka sekunde chache.

Habari ikaenea. Edmond alipelekwa shamba hata shamba kuwafundisha watumwa wengine. Kutoka Réunion ujuzi ulivuka bahari ukafika Madagaska na visiwa vya Ngazija, na matajiri wakapatikana kwa ua lililokuwa tasa. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Kifaransa mwaka 1848, Edmond alipata uhuru na jina la ukoo, Albius. Mali hakupata. Alifanya kazi jikoni katika nyumba za watu, akahukumiwa kifungo kwa shtaka la wizi, akafunguliwa kabla ya muda wake baada ya kutetewa kwa kukumbukwa huduma aliyokitendea kisiwa. Mtaalamu mmoja mwenye cheo alijitokeza kudai kuwa ujuzi ule ni wake. Bellier-Beaumont aliandika kumkanusha na kumtetea aliyekuwa mtumwa wake. Kwa tendo hilo anastahili sifa, ijapokuwa sifa hiyo haifuti kwamba alimmiliki mtu. Edmond Albius alikufa mwaka 1880 katika umaskini. Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Katika habari hii aliyechuma juani alikuwa mmoja, na waliolia kivulini walikuwa wengine.

Kurutubisha ni mwanzo tu. Ganda hukaa katika mmea kwa muda wa miezi tisa, kama mtoto tumboni. Likichumwa bichi halina harufu. Hutumbukizwa katika maji ya moto, hufunikwa mablanketi litoe jasho, huanikwa juani na kurudishwa ndani siku kwa siku, kisha huhifadhiwa miezi mingine mpaka liwe jeusi, laini na lenye manukato. Ndiyo maana vanila halisi ni ghali. Leo Madagaska ndiyo inayoongoza kwa kuitoa duniani, na wakulima wa Uganda na wa Kagera, Tanzania, nao wanailima. Katika migomba ya Bukoba msimu wa maua ukifika, mkulima huamka mapema na kijiti mkononi, akapita ua kwa ua. Kijiti kile na kidole kile ndivyo vile vya mtoto wa Sainte-Suzanne. Hapana mashine iliyochukua nafasi yao.

Huenda msomaji akasema kuwa chupa ya dukani si ya ganda. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliweza kutengeneza kitu kikuu cha harufu ya vanila kwa kutumia kitu kilichotoka katika misonobari, na tangu hapo harufu hiyo imekuwa ikitengenezwa viwandani kwa bei ndogo. Arki hiyo si ya kulaumiwa maadamu chupa inasema kweli juu ya kilichomo. Huwawezesha maskini kuipa keki yao jina. Lakini mtu haigi ila kitu ambacho watu wamekwisha kukipenda. Kabla ya Edmond vanila ilikuwa tunu ya wachache. Baada yake ilienea hata ikastahili kuigwa. Chupa ya ganda na chupa ya kiwanda zote mbili zina deni kwa kidole kimoja.

Deni la namna hiyo halilipwi kwa fedha, kwa kuwa mdai amekwisha kufa. Hulipwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtaja mwenye ujuzi kwa jina lake, nayo imeanza kufuatwa, maana huko Sainte-Suzanne Edmond Albius amekwisha kuwekewa ukumbusho. Njia ya pili ni kufundisha bila ya choyo kama alivyofundisha yeye. Anayejua kupima siagi na kupanga makaa juu ya mfuniko alifundishwa na mtu, na mtu huyo aghalabu ni mwanamke ambaye hakuandika kitabu wala jina lake halikuandikwa katika kitabu. Afundishapo mwingine, na ataje nani alimfundisha. Maneno hayo hayaongezi gharama ya keki hata senti moja, na mara nyingi ndiyo malipo pekee ambayo mwenye ujuzi atapata kulipwa.